Dola ipi: yenye mipaka au yenye noti?

SWALI: Katika makala yangu kuhusu uongozi na uchumi niliandika: "Mageuzi ya serikali hayatafaulu iwapo dola haitaacha kuingilia mfumo wa fedha." Mhariri ameirudisha sentensi hiyo ikiwa na alama tatu za kuuliza: moja juu ya "mageuzi ya serikali", nyingine juu ya "dola", ya tatu juu ya "mfumo wa fedha". Nimekosea wapi? Na kwani dola na serikali si kitu kimoja?

JIBU: Kisarufi hujakosea. Ila kila palipo na alama ya mhariri pana maana mbili, na msomaji ataichukua ile iliyomjia kwanza. Tuanze na dola, maana ndipo penye kazi.

Tuna maneno mawili yanayoandikwa na kutamkwa vilevile. La kwanza ni la Kiarabu, dawla, kutoka mzizi wenye maana ya kuzunguka na kupokezana: zamu ya kutawala, baadaye ufalme wenyewe, hatimaye nchi yenye mamlaka kamili. La pili limetoka Ulaya. Karne ya 16 huko Joachimsthal, Bohemia, zilipigwa sarafu za fedha zilizoitwa thaler, na jina hilo likasafiri kutoka lugha hadi lugha mpaka likawa dola. Hayana undugu wowote. Yamekutana tu kinywani mwetu.

Kinachoyatenganisha katika maandishi ni upatanisho. Pesa hukaa katika ngeli ya I-ZI: dola imepanda, dola zimeadimika. Nchi yenye mamlaka ina wingi wa ma-, ndiyo maana tunasema Jumuiya ya Madola na madola makubwa, kwa hiyo umoja wake unastahili LI-: dola limeanguka, dola la Kirumi. Ni kweli wapo wanaoandika "dola ya Kirumi", na hakuna atakayedhani Warumi walikuwa na noti za kijani. Lakini jaribu "dola ya Marekani imeyumba" uone. Hapo kuongeza jina la nchi hakusaidii chochote, kwa sababu Marekani ina dola zote mbili. Ukishika LI- kwa nchi na I- kwa pesa, hata sentensi ngumu hunyooka: dola la Panama limekuwa likitumia dola ya Marekani tangu 1904. (Mtaani utasikia "madola" kwa maana ya pesa nyingi. Hayo ni maneno ya kujigamba, yaache hukohuko.)

Sasa rudi kwenye sentensi yako: "dola haitaacha". Kiambishi i- kimempeleka mhariri kwenye pesa. Alikuwa na haki ya kuuliza.

Kuhusu serikali: hapana, si kitu kimoja. Mkataba wa Montevideo wa 1933 unataja mambo manne yanayolifanya dola kuwa dola: wakazi wa kudumu, eneo linalojulikana, serikali, na uwezo wa kuhusiana na madola mengine. Serikali ni moja kati ya manne. Ubelgiji walipiga kura Juni 2010 na hawakupata serikali kamili hadi Desemba 2011, siku 541. Muda wote huo iliyokuwapo ni serikali ya kushikilia tu, lakini mahakama zilihukumu, kodi zilikusanywa, na nusu ya pili ya 2010 nchi hiyo ilishika hata uenyekiti wa Baraza la Umoja wa Ulaya. Serikali ilikuwa haijaundwa, dola halikutikisika.

Ukisitasita, ongeza "-liopita". "Serikali iliyopita ilikopa sana" ni kauli ya kila siku. "Dola lililopita lilikopa sana" inamshtua msikilizaji, kana kwamba nchi ilizama baharini. Palipo na zamu za uchaguzi, andika serikali. Palipo na kile kinachobaki zamu zikiisha, yaani mipaka, deni la taifa, mikataba na nguvu ya kulazimisha sheria ifuatwe, andika dola. Neno utawala ni la namna au kipindi cha kutawala: utawala wa sheria, utawala wa kijeshi. Halitaji chombo.

Hapa ndipo "mihimili mitatu ya serikali" inapoleta mkanganyiko. Mihimili yenyewe ni Serikali, Bunge na Mahakama, kwa hiyo Serikali inageuka kuwa mhimili wa nafsi yake. Andika "mihimili ya dola". Najua wengi, hasa Kenya, hutumia serikali kwa maana pana inayojumuisha mihimili yote mitatu, na katika mazungumzo haidhuru. Makala inayojadili nani amdhibiti nani haiwezi kumudu upana huo. Tahadhari moja tu: "vyombo vya dola" vimezoeleka kuwa polisi, jeshi na usalama. Ukiiita Benki Kuu chombo cha dola, msomaji ataona bunduki. Iite taasisi ya umma.

Alama ya kwanza ya mhariri inahusu kile kihusishi "ya". "Mageuzi ya serikali" ni yale yanayofanywa na serikali, au yale inayofanyiwa? "Ya" hubeba yote mawili bila kulalamika. Taja mtendaji: "mageuzi yanayofanywa na serikali", au "mageuzi katika muundo wa serikali". Na kama kilichobadilika ni mawaziri watatu tu, hayo si mageuzi. Ni mabadiliko ya baraza la mawaziri.

"Mfumo wa fedha" nao unaweza kuwa benki, mikopo na masoko ya hisa, au unaweza kuwa sarafu yenyewe: nani anaitoa, kwa kiasi gani, inalindwa na nini. Asili ya neno fedha ni madini, lile la Kiarabu fidda, na tangu hapo limebebeshwa mizigo mingi. Tazama mtego huu: sera ya fedha, inayogusa riba na wingi wa pesa katika mzunguko, kwa kawaida huendeshwa na Benki Kuu. Wizara ya Fedha kazi yake ni sera ya bajeti, yaani kodi na matumizi. Mwandishi anayemlaumu Waziri wa Fedha kwa sera ya fedha mara nyingi amegonga mlango wa jirani.

Sentensi yako basi iandike kwa jinsi ulivyokusudia. Kama hoja ni uhuru wa Benki Kuu: "Mageuzi katika muundo wa serikali hayatafaulu iwapo serikali haitaacha kuingilia sera ya fedha." Umeona dola limeondoka? Anayeshinikiza riba ishushwe kabla ya uchaguzi ni serikali iliyoko madarakani. Lakini kama unapinga dola kuwa na haki ya pekee ya kutoa sarafu, awe nani madarakani, basi: "Mageuzi katika muundo wa serikali hayatafaulu iwapo dola halitaachia haki yake ya pekee ya kutoa sarafu." Hiyo ni hoja nzito kuliko ya kwanza, na mhariri atataka uitetee.