Corolla 110: Naweza kubadilisha mkanda wa taimingi mwenyewe nyumbani?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Corolla 110 ya injini ya 5A, niliinunua kwa mtu hapa Uyole. Sijui mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini. Nimeuchungulia, hauna ufa. Nina boksi la spana na jeki. Naweza kuubadilisha mwenyewe uani, au niuache maana bado mzima?

JIBU: Marahaba. Usiuache. Mkanda huu ndio unaounganisha krenki, shafti inayozungushwa na pistoni, na kemishafti, shafti inayofungua valvu. Nyuzi za ndani huchoka kabla mpira haujaonyesha ufa, ndiyo maana Toyota wanauhesabu kwa kilomita: 100,000. Usipojua historia yake, hesabu kuwa umekwisha. Tazama kwanza chini ya boneti na ubavuni mwa mlango. Gereji za Japani hubandika stika ya tarehe na kilomita. Mwaka ukiwa wa Heisei, yaani wa kalenda ya Kijapani, jumlisha 1988: Heisei 20 ni 2008.

Katika 5A mkanda ukikatika, pistoni hazigongi valvu. Hilux za dizeli za 2L na 3L hazina usalama huo. Hata hivyo, injini ikizima ukiwa unateremka Iwambi au Kitonga, usukani unakuwa mzito, na breki inakubali kukanyagwa mara moja au mbili tu kabla ya kuwa ngumu. Hilo ndilo linalonitia hofu.

Kazi unaiweza, ila tenga siku nzima. Toa waya hasi wa betri, plagi, mikanda ya nje na kava ya valvu. Itabidi ufungue maunti (kishikio) ya injini ya kulia, hivyo egemeza injini kwa jeki yenye kipande cha ubao juu yake.

Uzito wa kazi uko kwenye alama. Zungusha krenki kwa spana, kulia tu, mpaka alama ya puli ikae kwenye 0. Tundu dogo la puli ya kemishafti lazima lilingane na alama ya kepu ya beringi iliyo nyuma yake. Kama halilingani, zungusha krenki raundi moja zaidi. Hapo ndipo utoe puli ya krenki na kava, ulegeze tenshina (puli inayoukaza mkanda) na kuvua mkanda. Kuanzia hapo usiguse krenki wala kemishafti.

Valisha mkanda mpya, upande usio na tenshina ukiwa umekaza. Achia tenshina, zungusha krenki kwa mkono raundi mbili kamili, tazama alama tena. Zikipishana hata jino moja, vua uanze upya. Usipige stata "kuona itakuwaje". Zikikaa sawa, kaza tenshina kwa Nm (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza) 37 na bolti ya krenki kwa Nm 118.

Ukiona oili imelowesha mkanda wa zamani, badilisha sili ya krenki na ya kemishafti hapo hapo, maana oili itaula na mpya. Pampu ya maji ya injini hii inaendeshwa na mkanda wa nje. Kama haivuji wala haipigi kelele, hela yake nunulia tenshina mpya.