Miaka 11 na pikipiki ya magurudumu manne: mngojeeni kwanza

Ndugu, nimekuelewa: kijana wako wa miaka 11 anaendesha baiskeli vizuri, unataka apande pikipiki ya magurudumu manne, na unaona kikomo cha umri wa kuiendesha ni urasimu tu. Nami niliwahi kufikiri hivyo, mpaka mpwa wangu alipokata kona kwa kasi kwenye mteremko na chombo kikainuka upande mmoja. Bahati yake, alirushwa mbali nacho.

Shida haiko kwenye usukani. Chombo cha mtu mzima kina uzito wa kilo 200 hadi zaidi ya 300, na hakitulii mpaka dereva ahamishe mwili wake kwenye kona na milimani. Mtoto wa kilo 35 atakihamisha na nini? Kikipinduka, kinamlalia. Ndiyo maana chama cha madaktari wa watoto Marekani kinashauri asiyefika miaka 16 asiendeshe kabisa. Mimi nakubaliana nao, ingawa najua si wote watakaongoja.

Kama mmeshaamua, basi kiwe kile kilichotengenezwa kwa umri wake (soma kibandiko kwenye chombo), na mwendo upunguzwe kwa skrubu inayozuia kidhibiti cha mafuta kisifunguke chote. Helmeti, buti, glavu. Asipakie mtu, asiendeshe kwenye barabara ya lami. Mafunzo ayapate kwa mkufunzi, maana sisi wazazi tunasifia haraka mno. Sheria za eneo lenu na bima uziulize kabla ya kununua.

Akianguka akapiga kichwa au tumbo, hospitali siku hiyohiyo, hata akisema yuko sawa.