Mwanafunzi wa Uuguzi Ajue Kuhesabu Pumzi Kwanza

Mkufunzi mmoja ameniandikia: wanafunzi wake wanafaulu mitihani, ila mgonjwa akibadilika ghafla wodini wanaduwaa. Mwalimu mwenzangu, fungua chati zao utazame safu ya upumuaji. 20, 20, 18, 20. Wodi nzima inapumua pamoja kama askari wa gwaride? Hizo namba hazikuhesabiwa.

Pumzi mara nyingi ndiyo hubadilika mapema, presha ikiwa bado inaonekana nzuri. Maambukizi yakienea, asidi huzidi kwenye damu na mgonjwa huhema haraka ili kuipunguza. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Kwenye NEWS2, chati ya Uingereza inayopa kila kipimo cha mgonjwa alama za hatari, pumzi 25 na kuendelea ni alama 3, na alama 3 kwenye kipimo kimoja tu zinatosha kumwita mkubwa wa zamu.

Mfundishe mwanafunzi ashike kifundo cha mkono wa mgonjwa kana kwamba anapima mapigo, macho yakiwa kifuani, sekunde 60 kamili. Asimwambie mgonjwa, maana akijua anahesabiwa atabadilisha pumzi. Nawe hesabu kimyakimya papo hapo. Mkipishana zaidi ya mbili, mrudie.

Mengine ni mpangilio wa kumkagua mgonjwa: njia ya hewa, upumuaji, mzunguko wa damu, fahamu, kisha mfunue umkague mwili mzima. Kasoro irekebishwe hapohapo kabla ya kusonga mbele. Mgonjwa mwenye usingizi usio wa kawaida apimwe sukari palepale. Ikiwa chini ya 4 mmol/L, atibiwe bila kusubiri maabara.

Kwenye oksijeni ndipo wengi huharibu. Maski yenye mfuko inataka lita 10 hadi 15 za oksijeni kwa dakika. Fungua, ziba vali ya ndani kwa kidole mpaka mfuko ujae, ndipo umvalishe. Ukiweka lita 4, mfuko unasinyaa kila anapovuta na mgonjwa anazidi kukosa hewa. Kipimo cha kidoleni nacho hudanganywa na baridi, rangi ya kucha, hata piko la harusini.

Kisha simu. “Daktari, kitanda cha 6 hali si nzuri” haimtoi mtu kitini. Afadhali hivi: “Mimi ni mwanafunzi wa uuguzi, wodi ya wanawake, kitanda cha 6. Mama wa miaka 54, nimonia, siku ya pili. Pumzi 28, oksijeni ilikuwa 88, presha 92 kwa 58, mapigo 124, ana usingizi. Nimemkalisha, yuko kwenye lita 15. Naomba uje sasa.”

Wafanye zoezi hili kwa simu kweli, wewe ukiwa chumba kingine, ukiwakatiza na kuuliza maswali ya kukera. Na wakiita bure, usiwakaripie; ukimkaripia leo, kesho atanyamaza na mgonjwa anazidiwa. Mwisho waandike saa waliyopiga, jina la aliyepokea na alichojibu. Baada ya dakika 15 wapime tena, wakianza na pumzi.