Projesteroni 0.8 siku ya 21: je, yai halikutoka?

SWALI: Nina PCOS (tatizo la homoni linaloweza kufanya yai lisitoke kila mwezi) na mzunguko wangu ni wa siku 38 hadi 42. Natafuta ujauzito. Nilipima homoni ya projesteroni siku ya 21 ya mzunguko, ikaja 0.8 ng/ml. Nimeshauriwa ninywe vidonge vya projesteroni. Je, ni sahihi?

JIBU: Dada, vidonge visubiri kwanza, maana damu ilitolewa mapema mno. Siku ya 21 inamfaa mwenye mzunguko wa siku 28, kwa kuwa kipimo hiki hulenga siku 7 hivi kabla ya hedhi ijayo. Kwako yai, kama linatoka, hutoka kati ya siku ya 24 na 28. Kabla ya hapo hata asiye na tatizo lolote husoma chini au karibu ya 1, kwani projesteroni nyingi hutengenezwa na kile kifuko kinachobaki kwenye ovari baada ya yai kutoka.

Pima siku ya 31, na hedhi isipokuja rudia siku ya 38. Ikizidi 3 ng/ml, yai limetoka. Wengi huhangaika wasipofika 10, lakini homoni hii humwagwa kwa mawimbi, na saa chache tu zinaweza kubadilisha jibu sana. Kwa hiyo 7 si ya kukuliza. Angalia pia kizio: 3 ng/ml ni karibu nmol/l 10, na wapo wanaoshangilia 9 kumbe ni ya nmol/l.

Vipimo vya mkojo vya LH, homoni inayochochea yai kutoka, visikuhadae. Kwenye PCOS homoni hiyo mara nyingi iko juu muda wote, hivyo mstari unaweza kukolea siku kadhaa na yai lisitoke.

Sasa vidonge. Projesteroni haipevushi yai, na ukiianza kabla halijatoka inaweza kulizuia. Damu inayokuja baada ya kuviacha nayo haithibitishi kwamba yai lilitoka.

Majibu yote mawili yakiwa chini ya 3 na hedhi ikaja ndani ya wiki moja baada ya kipimo cha mwisho, mzunguko huo haukuwa na yai. Hapo zungumza na daktari wa wanawake kuhusu letrozoli, dawa ya kusaidia yai kupevuka, ambayo kwa kawaida huanza na miligramu 2.5 kwa siku, kwa siku 5 mwanzoni mwa mzunguko, baada ya kuhakikisha huna mimba. Kabla ya dozi ya kwanza, mwenzako apime mbegu, nawe upime TSH (kipimo cha tezi ya shingo) na prolaktini (homoni ya maziwa).