Stensili kuvuja kwenye ukuta wa chembechembe

Dada, pole kwa maua uliyopaka kwa stensili (bamba lenye matundu ya umbo la ua) kutoka na kingo zilizochafuka kwenye ukuta wa sebule huko Kisumu. Rangi yako ni nzuri. Tatizo ni kwamba stensili hailali sawasawa juu ya plasta ya chembechembe. Katikati ya punje hubaki mianya, na rangi nyingi huingia humo chini.

Kwa hivyo fanya kazi karibu kavu. Tumia emalshoni (rangi ya ukuta isiyo ya mafuta) nzito bila kuongeza maji. Chovya ncha tu ya brashi fupi ngumu, kisha igongegonge kwenye boksi hadi iache alama hafifu kama ya vumbi. Ukutani gonga wima, usipake kwa kuburuta, maana kuburuta ndiko kunakosukuma rangi chini ya kingo. Tabaka mbili nyepesi, ya kwanza ikauke. Rola ya sponji hukandamiza na kukamua rangi; kwa ukuta huu iweke kando.

Stensili iwe nyembamba, inayopinda, na ishikwe kwa gundi ya kupuliza pamoja na tepu ya karatasi. Kidole chako kibonyeze ukingo unaopakwa wakati huo. Chagua maua makubwa yenye mistari ya sentimita 1 au zaidi. Vijishina vyembamba hupotelea kwenye punje. Futa mgongo wa stensili kila baada ya ua la tatu.

Palipovuja, rudishia rangi ya ukuta kwa brashi ndogo. Mashimo kati ya punje yakizidi milimita 3, sawazisha kwanza kwa fila ya kuziba mashimo na msasa.