Sumaku Inapozaa Superkondakta: Maswali Yenu

Mwezi huu maswali mengi yamehusu superkondakta, yaani vitu vinavyopitisha umeme bila ukinzani wowote vikipozwa vya kutosha. Nimechagua manne.

Shikamoo mwalimu. Shuleni tuliambiwa usumaku huua superkondakta. Sasa nasoma kwamba ndio unaoizaa. Tushike lipi? (Mwanafunzi, Morogoro)

Marahaba. Shika yote mawili, kila moja mahali pake. Mwaka 1911, huko Leiden, Heike Kamerlingh Onnes alipoza zebaki hadi karibu nyuzi 269 chini ya sifuri, ukinzani ukatoweka. Maelezo yalikuja 1957 kutoka kwa Bardeen, Cooper na Schrieffer: elektroni huungana jozi, na mshenga wao ni mtikisiko wa atomi. Kila elektroni ina spini, yaani ni kama kisumaku kidogo chenye mwelekeo wake. Katika jozi hiyo spini moja inatazama juu, nyingine chini. Atomi yenye usumaku ikiingia kati huzivuta spini zote upande mmoja, jozi ikavunjika. Ndiyo maana atomi za gadoliniamu, kama moja tu kwa kila mia, hutosha kuizima lanthanamu.

Halafu ikaja 1979. Frank Steglich na wenzake nchini Ujerumani walitangaza kwamba mchanganyiko wa seriamu, shaba na silikoni ni superkondakta chini ya kelvini 0.6 hivi (kelvini huhesabiwa kuanzia nyuzi 273 chini ya sifuri). Seriamu ina usumaku, na hapo si chembe iliyopotea njia: imejaa katika fuwele nzima. Ukiiondoa na kuweka lanthanamu isiyo na usumaku, kwa kanuni ya zamani mambo yangepaswa kuwa bora. Badala yake superkondakta inatoweka. Nimelisimulia jambo hili darasani mara nyingi na bado linanisisimua. Aliyedhaniwa muuaji akiondoka, mtoto naye hazaliwi.

Mnaposema elektroni "nzito", uzito huo unatoka wapi?

Elektroni yenyewe haijaongezeka kitu. Mtu akipita Kariakoo siku ya mkesha wa sikukuu, mwili wake ni uleule, lakini kila hatua anasukumana na mtu. Ndani ya fuwele za seriamu kama ile ya Steglich, msongamano huo huifanya elektroni iende kana kwamba ina uzito mara mamia ya wa kawaida.

Kwa nini oksidi za shaba zinatajwa kila mahali?

Kwa sababu zilivunja ukuta. Mwaka 1986, Bednorz na Müller, katika maabara ya IBM karibu na Zürich, waliona dalili za superkondakta kwenye kelvini 30 na kitu, wakapewa Nobel mwaka uliofuata. Mwaka huohuo wa 1987 ikapatikana oksidi ya itriamu, bariamu na shaba inayofika kelvini 93, juu ya kiwango cha kuchemka cha nitrojeni, 77. Hiyo nimeiona kwa macho: kidonge cheusi mfano wa sarafu, kwenye kisahani cha povu. Unamimina nitrojeni, inachemka kwa fujo, inatulia, na kisumaku kidogo kinaelea juu yake bila kuguswa na kitu.

Sasa tazama ndani. Oksidi ya lanthanamu na shaba, kabla haijachanganywa na kitu, haipitishi umeme. Fikiria chumba cha mtihani, kila dawati mwanafunzi mmoja. Elektroni zinachukiana mno kukaa mbili dawati moja, kwa hiyo hakuna anayehama. Tena mmoja akitazama ubaoni, jirani zake wanne wanatazama nyuma. Huo ni mpangilio wa usumaku hasa, ingawa msumari haunasi, kwa kuwa pande mbili zinafutana. Hudumu hadi karibu kelvini 325.

Sasa toa wanafunzi wachache; ndiyo kazi ya kuichanganya oksidi na kitu kingine. Anayehamia dawati tupu anajikuta anatazama upande mmoja na majirani wapya, na kila anapopita anavuruga mpangilio. Wakiondoka wawili hivi kwa kila mia, mpangilio unavunjika. Wakifika watano hivi, superkondakta inachomoza. Kwenye 16 inafika kileleni. Usumaku haujaisha, umebaki ukitetemeka chinichini. Wengi katika fani, nami nimo, tunaamini mtetemo huo ndio mshenga mpya, ingawa nadharia moja iliyokubaliwa na wote haijapatikana.

Jozi zenyewe zina umbo lake: wimbi lake ni chanya pande mbili na hasi pande mbili, hivyo elektroni mbili hazikutani kamwe mahali pamoja. Mwaka 1994 Tsuei na Kirtley waliunganisha fuwele tatu zilizogeuzwa pembe mbalimbali, wakatengeneza pete pale zinapokutana. Pete ya kawaida hunasa sumaku kwa vipimo vizima tu. Hii ilinasa nusu ya kipimo, yenyewe, bila kupewa. Nusu hiyo ndiyo alama ya lile hasi.

Je, usumaku lazima udhoofike kwanza?

Si mara zote. Mwaka 2000 watafiti waliibana fuwele ya urani na gerimaniamu, ambayo ni sumaku kamili kama chuma. Chini ya mbano, ikawa superkondakta huku ikibaki sumaku. Spini za jozi zake zinaaminika kutazama upande mmoja, hivyo sumaku haina cha kuvunja. Waliendelea kubana. Karibu mara 16,000 ya kanieneo ya hewa, usumaku ukafa, na superkondakta ikafa papo hapo nao.