Bakteria rafiki na dawa ya lehemu: geuza kopo usome nyuma

Kwa kuwa ninameza atorvastatini kila usiku ili kushusha lehemu (kolesteroli) kwenye damu, nilipoandikiwa antibayotiki zilizonivuruga tumbo nilimwuliza mfamasia kama ninaweza kuongeza vidonge vya bakteria rafiki, yaani probayotiki. Alinijibu kwamba bakteria wa jamii ya Lactobacillus na Bifidobacterium hawajulikani kugongana na dawa hiyo, ila niwapishanishe na antibayotiki kwa saa mbili hivi. Hata hivyo, kabla ya kuniuzia aligeuza kopo na kuyasoma maandishi madogo ya nyuma, mstari kwa mstari.

Alikuwa anatafuta mchele mwekundu uliochachushwa. Baadhi ya virutubisho vinavyonadiwa kuwa vya moyo huchanganya bakteria hao na mchele huo, ambao huwa na monakolini K, kemikali ileile ya lovastatini, dawa ya kwanza ya kundi la statini (dawa za kushusha lehemu, ikiwemo atorvastatini) kuidhinishwa nchini Marekani, mwaka 1987. Anayekitumia kirutubisho cha aina hiyo pamoja na atorvastatini anajiongezea dozi bila kujua, na wanaoweza kuumia ni misuli na ini.

Jambo linalonitia hofu zaidi ni matibabu ya vidonda vya tumbo, kwa sababu kwetu wanaoyapata ni wengi. Mgonjwa mwenye Helicobacter pylori, bakteria wanaosababisha vidonda hivyo, mara nyingi hupewa antibayotiki iitwayo klarithromaisini, kisha hushauriwa kutumia probayotiki au mtindi ili tumbo litulie. Misuli ikianza kuuma, lawama huziangukia probayotiki, ilhali klarithromaisini ndiyo inayolizuia ini kuivunjavunja statini, hata dawa ikazidi kwenye damu. Simvastatini, statini nyingine, haitumiwi pamoja nayo kabisa, na kwa atorvastatini daktari huamua kupunguza dozi au kuisitisha kwa muda. Mtajie daktari dawa zako zote kabla hajaandika cheti. Misuli ikiuma au kulegea bila sababu, na hasa mkojo ukiwa na rangi ya chai ya rangi, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Ndugu yangu mmoja alitaka kuachana na dawa abaki na probayotiki peke yake, akiwa amesikia kwamba nazo hushusha lehemu. Ni kweli kwamba baadhi ya bakteria hao huibadilisha nyongo ndani ya utumbo, hivyo ini likalazimika kutumia lehemu kutengeneza nyingine, lakini punguzo lake ni dogo, wakati atorvastatini ya miligramu 10 kwa kawaida hushusha lehemu mbaya kwa zaidi ya theluthi moja. Nilimsihi asiache, na ninamsihi hivyo kila aliyeandikiwa dawa hii baada ya kiharusi au shambulio la moyo.

Kwa mwenye kinga dhaifu, kama anayetibiwa saratani, probayotiki zisubiri ruhusa ya daktari. Wengine wakianza, waandike tarehe na jina la kirutubisho kwenye daftari la kliniki, ili majibu ya kipimo kijacho yasomwe kwa kuzingatia kila kinachomezwa.